Kutafuta si Kusoma

Andika "samehe" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Kama kuna faili imeandikwa ndani "nimewasamehe wote", kwa kawaida hutaiona. Windows huorodhesha maneno mapema, halafu hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza hiyo si shida sana, maana "forgive" hurefukia nyuma: "forgiven", "forgiveness". Kiswahili huvaa kofia mbele: ni-me-wa-, ndipo mzizi ufuate. Grep, programu ya Ken Thompson ya mwaka 1973 kule Bell Labs, haijali neno linaanzia wapi. Lakini nani amerithi laptopu ya marehemu na anaijua grep?

Sasa fikiria hao warithi. Mzee ameenda akiwa amenuniana na wanawe. Wanatafuta "samehe", skrini inasema hakuna kitu, wanaamini alikufa na kinyongo. Nani amewadanganya? Si mashine bana. Hiyo ilijibu swali jingine kabisa. Kosa naliona kwenye neno "tumeangalia". Hawakuangalia, walitafuta. Ukisaka risiti au nambari ya shamba, tafuta tu, hakuna neno. Ila ukitaka kumhukumu mtu, unamdai kwanza saa zako: fungua faili moja moja, hata zile alizoziita "Document1" na "Document1 mpya". Inachosha, najua, na nusu yake itakuwa michango ya harusi na bei ya mbolea.