Mizani ya Haki na Joto la Nchi Mbili

Mwenye duka anunuaye kwa jiwe moja na kuuza kwa jiwe jingine haitwi muadilifu, hata akiapa kwamba kila jiwe lina uzito wake ulioandikwa. Kila jiwe huenda likawa kweli peke yake. Dhulma huingia pale yanapotumiwa mawili kwa shughuli moja. Jambo hili lafaa kukumbukwa siku hizi, ambapo watu hutaja tarakimu za joto la nchi hii na nchi ile, kisha wakatoa hukumu papo hapo.

Tuchukue, ndugu msomaji, nchi mbili: Kanada na India. Ripoti ya serikali ya Kanada ya mwaka 2019 yaeleza kwamba baina ya 1948 na 2016 wastani wa joto la nchi hiyo ulipanda kwa digrii 1.7 za sentigredi, na upande wake wa kaskazini kwa digrii 2.3. Ripoti ya serikali ya India ya mwaka 2020 yaeleza kwamba joto la nchi hiyo lilipanda kwa kiasi cha digrii 0.7 baina ya 1901 na 2018. Asomaye haraka atasema: "Kanada ndiyo iliyodhurika, India haikupata hata nusu yake." Je, hukumu hii ni ya haki?

Kwanza tutazame miaka. Hesabu moja ni ya miaka 68 na nyingine ni ya miaka 117. Wakanada hawakuanzia 1948 kwa hila. Kabla ya hapo vituo vya kupimia joto huko kaskazini vilikuwa vichache mno. Hata hivyo, ateuaye mwaka wa kuanzia aweza kuukuza mlima au kuupunguza. Atakaye kulinganisha kwa insafu hana budi kuzipa nchi zote mbili mwanzo mmoja na mwisho mmoja, tena achukue wastani wa miaka mingi, kwani mwaka mmoja wa baridi au wa joto kali hautoshi kuwa shahidi.

Ni kweli kwamba hata miaka ikisawazishwa, Kanada itabaki mbele, na sababu yajulikana. Theluji na barafu huurudisha mwanga wa jua angani. Zikiyeyuka, ardhi na maji yaliyo chini yake huunywa mwanga ule, joto likazidi, na barafu nyingine ikayeyuka. Ama India, moshi na vumbi la viwanda, magari na meko huzuia sehemu ya mwanga wa jua usifike chini, na wataalamu hutaja pia maji mengi yanayomwagiliwa mashambani. Basi udogo wa ile tarakimu si neema tupu. Moshi ule ule unaolisitiri joto ndio uingiao vifuani mwa watoto na wazee. Siku hewa itakaposafishwa, kama inavyopasa, sehemu ya joto lililositirika itadhihiri.

Pili, digrii si kipimo cha maumivu. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nchi iliyokwisha kuwa na joto kali haihitaji nyongeza kubwa ili ivuke mpaka wa uvumilivu wa mwanaadamu. Tarehe 19 Mei 2016 katika mji wa Phalodi, jimbo la Rajasthan, kipimajoto kilifika digrii 51. Kabla ya hapo, Mei 2010, joto kali liliushika mji wa Ahmedabad, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba mwezi ule walikufa watu zaidi ya 1,300 kupita kawaida. Mchukuzi wa matofali hawezi kuliahirisha jua, kwa kuwa chakula cha jioni chategemea ujira wa mchana.

Lakini tusidhani kwamba utajiri ni ngome. Tarehe 29 Juni 2021 mji mdogo wa Lytton, huko British Columbia, ulifika digrii 49.6, na kesho yake moto ukauteketeza sehemu yake kubwa. Katika jimbo hilo watu 619 walikufa kwa joto la siku zile. Wengi walikuwa wazee, zaidi ya nusu wakiishi peke yao, na karibu wote yaliwapata ndani ya nyumba. Hazina ya nchi haikuwafaa kitu, kwani wakati ule walihitaji mtu wa kuwabishia hodi.

Tatu, yupo atakayeuliza juu ya lawama. Kwa wastani, mtu mmoja wa Kanada husababisha takriban tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na wa India takriban tani 2. Atajibiwa kwamba jumla ya India sasa yaipita ya Kanada kwa mbali. Ni kweli, lakini sufuria ya nyumba ya watu wengi hailinganishwi na ya nyumba ya wawili bila ya kuhesabu vinywa. Wala hesabu hiyo haimpi ruhusa tajiri wa Mumbai kujificha nyuma ya maskini wa kijijini na kudai kwamba naye hutumia kidogo.

Basi tusilinganishe joto la nchi mbili ili kujua nani ashinde kwa msiba. Faida ya kulinganisha ni kujua kila mmoja anadaiwa nini. Atumiaye zaidi anadaiwa kupunguza zaidi na kumsaidia aliyepunguka. Serikali zinadaiwa kujitayarisha, kama Ahmedabad ilivyofanya mwaka 2013 ilipoanzisha mpango wa kuwaonya watu mapema na kuwatayarisha waganga. Na jirani anadaiwa deni lisilongoja ripoti wala mkutano: siku ya joto kali, aende akabishe hodi kwa mzee anayeishi peke yake, amchukulie maji, na asiondoke mpaka ahakikishe kwamba yu salama.