Uzee Si Hukumu ya Kwanza

Mashine ya boti iliyotumika miaka ishirini ikianza kupoteza nguvu, hukumu hutangulia uchunguzi: imezeeka. Neno hilo lina sura ya maelezo, ilhali halituambii ni kipi kilichoharibika, wala kwa nini kimeharibika leo na si mwaka jana. Swali ninalotaka kulipima hapa ni la kimaadili: je, tuna haki ya kusema kwamba kitu, au mtu, amekwisha kabla hatujamchunguza?

Mawaleh, katika wilaya ya Sib mjini Muscat, bahari haiko mbali. Boti ndogo za faiba hukaa juu ya trela pembeni mwa nyumba, zikingoja siku za mapumziko. Baadhi ya nyumba hizo ni za familia zenye asili ya Unguja na Pemba, ambamo wazee bado husemezana Kiswahili.

Boti ikisimama miezi mingi katika joto la huko, petroli huharibika na kuacha utando mithili ya gundi ndani ya kabureta. Unyevu hujikusanya tangini. Mpira wa mafuta hupata ufa usioonekana, ukavuta hewa. Ikirudi majini, mashine huwaka vizuri, lakini ikitakiwa kukimbia hulegea. Fundi makini huanza na lililo jepesi. Hulegeza kifuniko cha tangi: nguvu zikirudi, tundu la hewa lilikuwa limeziba. Huminya kwa mkono mpira wa kusukumia mafuta wakati mashine inakimbia: nguvu zikirudi, mafuta yalikuwa hayafiki ipasavyo. Huchomoa plagi na kuzilinganisha. Mashine ikivuma kwa kasi na boti isiende, hutazama rafadha kwanza. Na huenda mashine haina hatia yoyote, bali chini ya boti pameganda viumbe vya bahari. Mabaharia wa majahazi walilijua hilo; ndiyo maana walikwangua vyombo vyao na kuvipaka deheni, wala hawakulilaumu tanga.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihoji katika Tahafut al-Falasifa kwamba pamba inapoungua kwa kukutana na moto, tunachokiona ni mambo mawili kuandamana. Ulazima unaoyafunga hatuuoni. Si lazima tumfuate hadi mwisho wa hoja yake ili tufaidike na onyo hilo. Ukongwe na udhaifu huandamana mara nyingi, na macho yakishazoea, huacha kuuliza. Mengi tuliyoyataja hapo juu hayakuletwa na miaka. Yaliletwa na kuachwa.

Hata hivyo uzee upo. Pistoni hulika, na kipimo cha mgandamizo kinaweza kuonyesha silinda moja iko chini mno kuliko nyingine. Hapo hukumu imepata ushahidi wake. Anayeikataa kwa mapenzi ya chombo huwatoa wenzake baharini kwa rehani ya roho zao. Huruma isiyopima ni hatari sawa na dharau isiyopima.

Katika nyumba zilezile, hukumu ileile hupitishwa juu ya watu. Bibi akipunguza kusema, jamaa huambizana: ni utu uzima. Huenda masikio yamefifia, huenda dawa anazomeza zinamchosha, au huenda hapana tena mezani mtu wa kumjibu kwa lugha yake, kwa kuwa wajukuu wanazungumza Kiarabu na Kiingereza. Mambo haya matatu hayana dawa moja, na hakuna hata moja linaloonekana kwa anayeridhika na jibu la umri.

Tena kuna tofauti inayouzidisha wajibu wetu. Mashine haijui kwamba imehukumiwa. Bibi anajua, na anaweza kuanza kuishi kwa mujibu wa hukumu hiyo. Basi kwake pia tuanze na lililo jepesi: mara ya mwisho alisemeshwa lini, na kwa lugha gani?