Jino la Kupandikizwa: Ni Dawa au ni Kubadili Maumbile?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: Mtu aliyepotewa na meno, akaenda kwa tabibu akapandikizwa mengine ndani ya mfupa wa taya, je, amejitibu, au amebadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Wako waliokwisha kutoa hukumu barazani ya kuwa ni haramu, na wako wazee waliosikia hayo wakaridhika na mapengo na uji. Kwa hivyo jambo hili lataka kuelezwa.

Kwanza yapasa tulijue kabla ya kulihukumu. Mwaka 1952 mtaalamu wa Kiswidi, Per-Ingvar Brånemark, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, aliona kuwa kifaa cha madini ya titani alichokitia humo kimeshikana na mfupa hata hakitoki. Mwaka 1965 akamtibu mtu wa kwanza kwa njia hiyo huko Gothenburg. Tabibu hutia katika taya kijiti cha titani mfano wa parafujo, huachwa miezi kadhaa mpaka mfupa ukishike, kisha juu yake huvishwa jino la kutengenezwa.

Wanaoharimisha hushika Hadithi ya Ibn Mas'ud, ambayo ndani yake wamelaaniwa wanawake wachongao meno kuyatenganisha kwa ajili ya uzuri. Hadithi hiyo ni sahihi, wala hapana Muislamu wa kuipinga. Lakini tuizingatie: aliyelaaniwa alikuwa na jino zima, akaliharibu kwa kutafuta uzuri. Ama aliyeng'oka jino hana alichokibadili. Yeye arejesha kilichoondoka. Vipi wawili hawa watapewa hukumu moja?

Na hii si rai yetu tu. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua siku ya Kulab, zama za Jahiliya, akajiwekea pua ya fedha. Ilipomfanyia uvundo, Mtume (s.a.w.) alimuamuru aweke ya dhahabu. Haya yamo katika Abu Daud na Tirmidhi, na Tirmidhi ametaja kuwa wanavyuoni zaidi ya mmoja walifunga meno yao kwa dhahabu. Ikiwa dhahabu, iliyo haramu kwa wanaume, imeruhusiwa kwa haja, basi titani isiyokatazwa ina neno gani?

Tena Sharia imelipa jino moja diya ya ngamia watano, katika ngamia mia wa nafsi nzima. Kitu kilichothaminiwa hivyo si upuuzi kukirejesha. Na msomaji wa Qur'ani ajua kuwa herufi ya thaa na dhali hutoka katika ncha ya ulimi na meno ya mbele ya juu, na faa katika mdomo wa chini na meno hayo hayo. Mwenye pengo hapo hapati kuitimizia herufi haki yake, ingawa hana dhambi.

Ama wanaochelea udhu, wajue kuwa katika madhehebu ya Shafi kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho pia.

Lakini ruhusa hii si mlango wa fahari. Mwenye kung'oa jino zima ili aweke linalong'ara, huyo ndiye aliyeingia katika katazo. Na asiye na uwezo asijitie katika deni la riba. Meno ya kuvaa na kuvua yatamfaa. Ama mwenye uwezo, na aangalie nyumbani kwake: twaona mtu akimwaga mali katika karamu ya arusi, hali mamake hawezi kutafuna kipande cha mkate. Huyo haulizwi habari ya jino, huulizwa habari ya mama.

Ndugu zetu, kumharimishia mgonjwa dawa yake bila ya dalili si ucha Mungu. Ni kumbebesha mzee mzigo ambao dini haikumbebesha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.