Waya Chini ya Kabati

Saa mbili usiku, Makambako, baridi ya Juni, na kisanduku cha TV cha baba mkubwa kinaandika kwamba hakuna intaneti. Ruta ipo dukani, kando ya barabara iendayo Tunduma. Sebule ipo nyuma ya ua, na kuta za tofali za kuchoma haziruhusu Wi-Fi ifike huko. Ndiyo maana wiki tatu kabla alimwita fundi avute waya wa mtandao kutoka dukani hadi sebuleni. Alimlipa nusu. Zilibaki shilingi 40,000.

Mimi ndiye msomi wa nyumba, kwa hiyo niliitwa. (Shahada yangu ya uzamili haihusiani kabisa na waya, lakini kwetu ukishavuka digrii ya kwanza unatarajiwa kutengeneza hata pasi.) Nikafungua mipangilio ya kisanduku. Anwani yake ilianza na 169.254, namba ambazo kifaa hujipa chenyewe kikiomba anwani kwa ruta kisijibiwe. Taa ya tundu la ruta ilikuwa inawaka na kuzimika. Nikazima ruta, nikasubiri kidogo, nikawasha. Wapi! Nikabeba kisanduku na runinga ndogo hadi dukani, nikakichomeka kwenye tundu lile lile kwa waya mfupi uliokuja na ruta. Kikafanya kazi papo hapo. Basi kisanduku ni kizima, tundu ni zima. Kibovu ni waya mrefu.

Hadi hapo nilikuwa sahihi. Nikaongeza: "Baba, fundi amekupiga. Huu waya feki."

Akampigia simu palepale, spika wazi, wateja wakisikia. Akamwambia zile 40,000 asizitegemee. "Mzee, mbona niliupima mbele yako ukafanya kazi?" fundi aliuliza. Sikuona kwamba swali lile lilikuwa ushahidi. Nilimwona mtu anayejitetea.

Siku mbili baadaye, nikifagia, niliufuata waya hadi chini ya mguu wa kabati. Ndani yake mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Mguu ulikuwa umeziminya mpaka shaba inaonekana. Kabati nililisogeza mimi, siku niliyofika, nipate pa kutandika godoro.

Darasani tunatenganisha kisababishi na anayewajibika, tena kwa maneno marefu. Vipimo vyangu vilisema waya ni mbovu, basi. Jina la mtu nililiongeza mwenyewe, kwa sauti ile ile niliyosomea 169.254, na nadhani ndiyo maana liliaminika. Nimejaribu kujitetea kwamba sikudanganya, niliamini nilichosema. Lakini kuamini kwangu hakukunigharimu kitu. Yeye kulimgharimu hela na jina.

"Mtumie kwa simu yaishe," baba mkubwa alisema. "Habari za kabati za nini, mwanangu?" Alikuwa ananisitiri, na nakiri nilitamani kusitiriwa.

Fundi alikuwa amepata kazi Njombe. Nikapanda Coaster, kilomita kama 60, nikamkuta juu ya ngazi. Nilimweleza yote, pamoja na kabati. Alishuka, akahesabu hela, akazikunja.

"Ungetuma tu kwa simu, kaka," alisema. Kisha akauliza: "Na wale waliokuwa dukani?"

Sikuwa nimewafikiria. Jioni niliporudi nilianza na mama wa vitumbua. Alicheka, akasema kumbe hata wasomi. Kijana wa bodaboda hakukumbuka simu yoyote. Aliyebaki ni dereva wa lori aliyekuwa amesimama kununua maji, yule aliyetikisa kichwa na kusema mafundi wa siku hizi wote wezi. Lori lake huenda lilikuwa limeshaingia Zambia. Usiku ule aliniuliza fundi huyo anaitwa nani, ili amkwepe, nami nilimtajia.