Njia Yenye Kigongo Katikati

Njia ile ilipendeza macho. Mifuo miwili ilikwenda sambamba, imeshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, na baina yake kigongo chembamba cha nyasi. Kwa watu waliokuwa wakikokota baiskeli mchangani tangu walipoiacha lami, njia ya namna hiyo ni zawadi. Mpwa wangu ndiye aliyeiona mwanzo. "Mjomba, tazama," akasema, "hapa hupita mikokoteni." Nikaitika. Ilifanana na njia ya mkokoteni kabisa, na simu yake ilionyesha mstari wa buluu ukipita papo hapo kuelekea ziwani.

Ziwa lenyewe ni Kenyatta, karibu na mji wa Mpeketoni, bara ya Lamu. Zamani likiitwa Mkunguya. Watu wengi wakisikia Lamu huwazia mtaa wa Langoni kisiwani, punda, majahazi na misikiti ya kale; hawajui kwamba ukivuka kwa boti hadi Mokowe unaingia nchi nyingine: mashamba ya mikorosho na miembe, msitu wa Witu upande mmoja, Boni upande mwingine, na ziwa la maji baridi ambalo ndilo lililowafanya walowezi waliokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 wapate pa kuchota. Nchi hiyo ni tambarare. Haina milima ya kumchosha mtu, na kwa baiskeli yenye tairi pana mtu anaweza kutembea siku nzima bila kupishana na lori. Naipenda, na nilitaka kijana wangu aipende.

Yeye alikuwa ameshashikwa na mchezo huu wa baiskeli za changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli ya mashindano ya lami, lakini tairi ni nene, zina meno, nazo hujazwa upepo kidogo ili zisizame. Tangu 2021 Kenya ina mashindano yake katika nyika za Maasai Mara, ya siku nne na kiasi cha kilomita 650, na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wamepanda humo pamoja na magwiji wa Ulaya na Marekani. Picha ya marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, mpwa wangu aliiweka kwenye simu yake. Sikuona ubaya wowote. Kijana akiwa na shujaa wa namna hiyo, mzazi hana la kulalamikia.

Kabla hatujaiingia ile njia, tulipishana na bwana mmoja juu ya baiskeli ya blakimamba, mitungi minne ya maji imefungwa nyuma kwa mipira. Alishuka, akatusalimu, akauliza tunakwenda wapi saa hizo. Tukamwambia: ziwani, kutazama jua likitua, kisha turudi Mpeketoni kulala.

"Huko jioni msipite, mzee wangu," akaniambia mimi, si kijana. "Jioni huko si kwa watu."

Mpwa wangu akamshukuru kwa adabu. "Hatukawii, kaka. Dakika kumi tu." Na mimi, niliyekuwa na umri wa kutosha kuelewa, nikanyamaza. Ni ile aibu ya mtu mzima mbele ya kijana mwenye ramani. Niliona nikisema turudi nitaonekana mzigo. Kimya hicho kinaniuma mpaka leo kuliko jambo jingine lolote la siku ile.

Tukaingia. Baada ya mita chache matawi yakaanza kutugonga vifua, tukainamia usukani na kupita chini yake kama watu wanaoingia pangoni. Kulikuwa na mavi makavu yaliyotapakaa juu ya vichaka, si chini. Niliyaona. Macho yalikuwa mazima. Akili ndiyo iliyokuwa imeshakubali kwamba ile ni njia ya mikokoteni, na kitu kilichokataa kulingana nayo nilikipita tu.

Ziwa lilikuwa zuri. Sitasema zaidi, maana uzuri wake ndio uliotukalisha. Dakika kumi zikawa arobaini. Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua likishatua giza halibishi hodi. Ulipita muda mfupi tu nasi hatuoni tena spoku za magurudumu. Tukawasha taa. Mpwa wangu akatangulia kurudi kwa njia ile ile, mimi nyuma yake hatua kama hamsini.

Nilichosikia kwanza ni vijiti kuvunjika mbele yetu, upande wa bara, si upande wa ziwa. Ndipo nilipofahamu, na nilikuwa nimechelewa. Mnyama alikuwa ameshatoka majini kwenda malishoni huku sisi tunapiga picha. Taa yetu ilimshtua, naye akafanya afanyavyo kiboko akishtuka nchi kavu: akaukimbilia usalama wa maji kwa njia anayoijua. Njia hiyo tulikuwa juu yake. Kiboko mkubwa hupita uzito wa tani moja na nusu, na kwa masafa mafupi hukimbia kufikia kilomita 30 kwa saa. Mtu aliyeinama chini ya matawi, miguu iko kwenye pedali, hana pa kwenda.

Kijana alijirusha kwenye miiba. Bega la mnyama likamkuta angali hewani. Baiskeli ikabaki chini, ikakanyagwa. Mimi nilijibanza kwenye shina la mti nikausikia ule uzito ukipita, pumzi na kishindo, halafu maji yakapasuka. Hakuwa akitufukuza. Alikuwa anakwenda kwao.

Mtulinga wa mpwa wangu ulivunjika, na paja lilichanwa na miiba. Walionisikia nikipiga kelele walikuja na tochi, na wa kwanza wao alikuwa yule bwana wa blakimamba. Hakutamka kwamba alituonya. Alivua shati lake, akamfungia kijana mkono kifuani, akaita bodaboda, akampakata mpaka hospitali.

Asubuhi nilimwomba anirudishe pale, kwa sababu nilitaka kujua nilikosea wapi. Alinionyesha kwa fimbo, taratibu, kama mwalimu. Mkokoteni huvutwa na punda, na punda hukanyaga katikati. Njia ya mkokoteni haioti nyasi katikati. Kiboko miguu yake iko mbali, ya kushoto na ya kulia, naye hupita pale pale kila usiku, vizazi na vizazi. Ndiyo maana hubaki mifuo miwili na kigongo. Dereva wa mkokoteni huketi juu, angekwisha kuyavunja yale matawi. Hapa matawi yameachwa kwa kimo cha mgongo wa mnyama. Na yale mavi vichakani, dume huyarusha kwa mkia kutangaza kwamba hapa pana mwenyewe. Chini, kwenye udongo laini, kulikuwa na nyayo pana za vidole vinne. Baadhi zilikuwa juu ya alama za tairi zetu.

Kisha akaniambia jambo ambalo simu haikutuambia. Maji yakijaa wanyama hukaa mbali na watu. Ukame ukiingia, kama ule wa 2016 na 2017 uliokausha ziwa mpaka viboko wakanasa matopeni, kila kiumbe husogelea kidimbwi kilichobaki, na mtu mwenye mtungi hukutana na mnyama mwenye kiu saa isiyokuwa ya kawaida. Aliyeuchora ule mstari wa buluu huenda alipita saa nne asubuhi, viboko wote wamo majini, akafika salama, akauacha mstari wake kwa wote. Hakudanganya. Ramani hujua njia ilipo. Haijui saa hii njia ni ya nani.

Na bara ya Lamu swali hilo si la wanyama peke yao. Barabara ziendazo Kiunga kupitia Boni zimetegwa vilipuzi mara nyingi katika miaka hii, na tangu 2015 vikosi vya usalama vimekuwa na operesheni ndani ya msitu ule. Waaweer, ambao wazee wao wamerina asali humo tangu zamani, wenyewe hawaingii kila kichochoro siku hizi. Kijana wa Mombasa au Nairobi anayeuona msitu huo wa kijani kwenye skrini, na ndani yake vijistari vyembamba vinavyokaribisha, namsihi kama ninavyomsihi mwanangu: usivifuate kwa sababu tu vipo.

Mtulinga ulipona baada ya miezi. Rimu ya nyuma haikutengenezeka. Fundi aliitundika ukutani kwa msumari, imekunjika kama sahani ya bati. Mpwa wangu alinunua nyingine, akaniomba twende tena, safari hii upande wa Witu. Tulipofika pembeni mwa msitu, njia ikagawanyika: moja pana yenye mchanga, moja nyembamba, ngumu, safi. Msichana mdogo alikuwa akichunga mbuzi hapo. Kijana akashuka kwenye baiskeli.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Hii njia ni ya nani?"

Msichana aliitazama njia, kisha akainua fimbo yake kuelekea mkorosho uliosimama peke yake. "Asubuhi ni yetu," akasema. "Jua likifika pale, ni ya nyati."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye matawi ya juu. Mpwa wangu aliigeuza baiskeli, nami nikaigeuza yangu, tukashika ile ya mchanga, tukikokota.