Ulimwengu Usio na Watoto wa Kutambaa

The Sims 4 lilipoingia sokoni Marekani tarehe 2 Septemba 2014, mtoto aliyezaliwa ndani ya gemu hilo alikua kwa namna ya ajabu. Alilazwa kwenye susu asimoweza kutoka, akalia, akalishwa, akabadilishwa nepi, kisha ghafla akatoka humo akiwa na umri wa kwenda shule. Hakutambaa. Hakudemadema. Hakuna aliyemfundisha maneno ya kwanza. Katika The Sims 2 la mwaka 2004 na The Sims 3 la mwaka 2009 wazazi walikuwa wakimshika mtoto mikono ajifunze kutembea, na kazi hiyo iliwachosha kama inavyowachosha wazazi wa kweli. Sasa utoto huo ulikuwa umefutwa, na mabwawa ya kuogelea yamefutwa pamoja nao.

Kwa asiyelijua, gemu hili halina adui, halina mashindano wala mwisho. Mchezaji huumba watu, huwajengea nyumba, huwatafutia kazi, huwaoza na huwazika. Mbunifu wa toleo la kwanza, Will Wright wa studio ya Maxis, alipoteza nyumba katika moto mkubwa wa Oakland, California, Oktoba 1991. Shughuli ya kuanza upya, ya kujiuliza mtu anahitaji nini hasa ili aishi, ikamtia wazo la mchezo uliotoka Februari 2000. Tangu hapo mchezaji amekuwa na mamlaka ya kutisha: katika toleo hilo la kwanza, kwa mfano, aliweza kumwingiza mtu wake bwawani, akaondoa ngazi, akamtazama akizama. Wachezaji wengi mno wamewahi kuua hivyo, na wengi wao ni watu wapole kabisa.

Kwa hiyo malalamiko ya 2014 hayakuwa ya mteja aliyeuziwa bidhaa mbovu tu. Yalitoka kwa watu waliozoea kuwa naibu wa muumba, nao walikuwa na ushahidi usiopingika: waliwahi kuishi katika dunia bora iliyotoka kwa mkono uleule. Ndipo swali linapokuwa la zamani kuliko kompyuta. Je, anayeumba ana wajibu wa kuumba kilicho bora?

Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu wa madhehebu ya Muutazila walisema ndiyo, Mungu hana budi kuwatendea waja wake lililo bora kwao. Inasimuliwa kwamba Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, alimwuliza mwalimu wake al-Jubbai kuhusu ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili alikufa kafiri, wa tatu alikufa mtoto. Mtoto akiuliza mbona hakuachwa aishi afikie daraja la kaka yake, ataambiwa kwamba angekua angeasi, hivyo kufa mapema ndiko kulikomfaa. Sawa, akasema al-Ash'ari, na yule kafiri akilia kutoka motoni kwamba naye angechukuliwa utotoni, atajibiwa nini? Mwalimu alinyamaza, na mwanafunzi akayaacha madhehebu yake. Fundisho lililokua kutoka kwake, kwamba Mungu hadaiwi chochote na yeyote, ndilo waliloshika Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliingia kwa mlango mwingine. Katika kitabu chake Ihya aliandika kwamba miongoni mwa yanayowezekana hakuna cha ajabu zaidi ya hiki kilichopo. Kauli hiyo ilizua ugomvi wa karne kadhaa. Wapinzani waliona inaufunga uwezo wa Mungu, na katika karne ya 15 al-Suyuti wa Misri bado alikuwa akimtetea. Ulaya, mwanafalsafa Leibniz alitoa dai la jamaa hiyo katika kitabu chake cha 1710: mambo mema hayawezi yote kukaa pamoja, na Mungu amechagua mkusanyiko ulio bora kuliko mikusanyiko mingine yote.

Hoja ya Leibniz ndiyo utetezi mzuri zaidi ambao Maxis ingeweza kupewa, na kwa sehemu inasimama. The Sims 3 lilikuwa na mtaa mzima ulio wazi. Mtu alitoka kwake, akavuka barabara, akapiga hodi kwa jirani bila skrini ya kusubiri, huku majirani wengine wakioana na kuzeeka bila kuulizwa. Raha hiyo ilikuwa na gharama. Kompyuta zilichemka, mchezo ukakwamakwama, na familia iliyochezwa vizazi vingi ilifikia kutochezeka. The Sims 4 likajengwa upya, likakata mtaa vipandevipande, likawapa watu hisia zinazobadilisha mwenendo wao, na likakimbia hata kwenye mashine dhaifu. Mtaa wazi na wepesi wa mchezo havikai pamoja kirahisi. Hapo mlalamikaji anapaswa kukubali kwamba kila kupata kuna kupoteza.

Lakini mabwawa yalirudi Novemba mwaka uleule wa 2014. Watoto wa kutambaa walirudi Januari 2017, bure, na wapenzi wengi wa gemu wakawaona kuwa wametengenezwa kwa ustadi kuliko wa matoleo yaliyotangulia. Machi 2023 ikaongezwa hatua ya uchanga. Yote hayo yaliingia katika dunia ileile bila kuibomoa. Kumbe yaliwezekana, ila yaliachwa kwa sababu siku ya kuuza ilikuwa imefika. Ghazali hakuwa akimzungumzia muumba mwenye tarehe ya mwisho ya kukabidhi kazi.

Tena hakuna mtoto aliyedhulumiwa. Wakazi wa The Sims hawahisi kitu. Kijana wa gemu aliyeruka kutoka kwenye susu hadi darasani hana kumbukumbu inayomwuma, na ndugu wa tatu wa kisa cha al-Ash'ari hana mwenzake humo. Aliyekosa ni mchezaji pekee, ambaye alikuwa amelipa dola 60. Uhusiano wake na Maxis ni wa muuzaji na mnunuzi, na kwenye biashara hoja ya Muutazila ni halali kabisa: aliyelipwa ana wajibu. Kilichokera katika miaka ile ni kwamba wanunuzi walihimizwa kungoja, kuamini kwamba kuna mpango, kushukuru kwa kilichopo. Hiyo ni subira ambayo muumini humpa Mungu kwa sababu hana dunia nyingine ya kulinganisha, na pia kwa sababu hakuinunua hii. Kampuni haiistahili.

Wengine walijaribu kuumba mbadala. Life by You, iliyoongozwa na Rod Humble aliyewahi kusimamia The Sims, ilifutwa na Paradox Juni 2024 kabla haijatoka. inZOI ya Krafton, kampuni ya Korea Kusini, ilitolewa ikiwa haijakamilika Machi 2025. Ilisifiwa kwa sura yake kuliko kwa maisha yaliyomo. Kuumba watu, hata wa katuni, ni kazi ngumu, na hilo linapaswa kuwapunguzia Maxis lawama kidogo.

The Sims 4 lenyewe limekuwa bure tangu Oktoba 2022, ingawa nyongeza zake bado zinalipiwa. Mtaa wazi haujarudi. Anayeutaka atalikuta The Sims 3 bado linauzwa, alinunue kwa jinsi lilivyo leo na si kwa ahadi ya marekebisho yajayo, na aivumilie kompyuta yake itakapochemka.