Mguu Utaota Tena

Aksolotli ni mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, na kwao ni mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko. Hukua na kuzaa bila kuacha umbo la utotoni. Matamvua yake hubaki nje ya kichwa kama vishada vya manyoya. Mguu wake ukikatika, huota mwingine wenye mifupa, misuli na vidole. Ndiyo maana anafugwa katika maabara na majumbani duniani kote. Huko kwao lakini anakwisha: mwaka 1998 walikadiriwa 6,000 kwa kila kilomita ya mraba, na mwaka 2014 walikadiriwa 36 tu.

Swali langu ni hili: mnyama anayejiponya akiumia mikononi mwa mfugaji, mfugaji anadaiwa nini? Wengine watajibu upesi kwamba hadaiwi kitu, kwani mguu utaota tena.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe ya kumuuguza. Mara nyingi jeraha hutokana na aksolotli wachanga kuwekwa pamoja. Mmoja akiwa na njaa huung'ata mguu wa mwenzake akidhani ni chakula. Muuguzi humtenga majeruhi katika beseni la maji yaliyoondolewa klorini, yenye baridi ya nyuzi 16 hadi 18. Maji hayo humwagwa yote kila siku na kuwekwa mapya, kwa sababu uchafu wa mnyama hutoa amonia inayomuunguza. Maji yakipata joto, ukungu mweupe kama pamba huota kwenye kidonda. Basi humlisha minyoo na kungoja, wiki kwa wiki, pengine miezi. Dawa ni kidogo au hakuna kabisa. Sehemu kubwa ya uuguzi ni kutomzidishia madhara.

Sasa, ni nani aliyechagua beseni, jirani na saa ya kula? Si aksolotli. Kwa hiyo sikubali tuite uuguzi huu huruma. Ni deni. Mtoa sadaka hujichagulia siku ya kutoa. Mdaiwa hana uhuru huo, na maji hubadilishwa hata siku ya mtihani.

Nitaulizwa kuhusu maabara, ambako miguu hukatwa makusudi ili binadamu ajifunze kuponya. Sipingi elimu hiyo. Lakini maabara zenye utaratibu mzuri humtia mnyama ganzi kwanza. Watu wanaojua kuliko sisi sote kwamba mguu utarudi hawasemi kwamba kurudi kwake kunafuta maumivu. Isitoshe, mishipa ya neva ikiondolewa kwenye kigutu, mguu hauoti: uwezo wa kupona hutegemea neva, na neva ndizo zinazopeleka maumivu.

Hoja ya "ataota tena" tunaitumia hata kwa watu. Katika nyumba nyingi, mtoto asiyelalamika ndiye anayetumwa maji usiku. Husemwa ni mvumilivu, naye huzidishiwa mzigo kwa sababu hiyohiyo.

Aliyepona hawezi kurudishwa Xochimilco hivihivi, kwani wafugwao wanaweza kupeleka magonjwa, na wengi wamechanganywa damu na salamanda wa aina nyingine. Tena mifereji imejaa samaki walioletwa, wakiwemo jamii ya sato, ambao asili yao ni Afrika, samaki ninaowala mimi bila kuwaza. Hao hula mayai na vitoto vya aksolotli. Baadhi ya wakulima wa chinampa, yaani vishamba vilivyojengwa ndani ya maji, wanaweka vichujio midomoni mwa mifereji yao ili kuwazuia. Ni kazi ileile ya beseni: maji yawe safi, adui awe nje. Tofauti ni kwamba mfugaji humwona mgonjwa wake kila asubuhi, na mkulima huenda asimwone aksolotli hata mmoja mwaka mzima.